Gari linalokula maji halitibiwi kwa dumu

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye gazeti lako tuseme na wenye magari ya zamani wa Nyanda za Juu Kusini, pamoja na mafundi wenzetu. Ukipanda mlima wa Kitonga, au ukishika njia ya Mbeya kwenda Chunya, ni nadra kukosa boneti iliyoachwa wazi na dumu la lita tano pembeni. Asubuhi maji yanaongezwa, njiani yanaongezwa tena, na siku si nyingi mwenye gari anaambiwa silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imekwenda. Ombi letu ni kwamba isishikwe spana yoyote mpaka ijulikane maji yanapotokea.

Anzeni na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, mfuniko wa rejeta, yaani kipozea maji ya injini. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na sufuria ya maji huku inachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam. Rejeta inavuka hapo bila kuchemka kwa sababu mfuniko unabana maji. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, namba ya presha unayoweza kubana, unasogeza kuchemka mpaka kama nyuzi 115. Springi yake ikichoka, maji yanasukumwa kwenye tanki la akiba, linafurika, yanamwagika barabarani, na dereva analaumu mlima. Ndiyo maana gari linaweza kwenda vizuri kule pwani likafika huku likachemsha.

Kagua mfuniko injini ikiwa baridi. Pete ya mpira isiwe na mpasuko wala kuwa ngumu kama plastiki. Katikati kuna valvu ndogo. Ivute kwa kucha, ukiachia irudi yenyewe. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji, umebonyea kama umenyonywa, valvu hiyo imeganda na haiyaruhusu maji ya akiba kurudi. Nunua wenye namba ileile. Kuweka wa 1.1 badala ya 0.9 kwa kudhani unaimarisha kunaongeza presha kwenye mipira na maungio yaliyokwisha kuchoka.

Kama mfuniko ni mzima, tafuta mvujo alfajiri. Hili watu wa Mafinga, Njombe na Makete walizingatie sana: mpira wa zamani uliokakamaa unasinyaa kwa baridi ya usiku, klipu inayoubana inalegea, na maji yanadondoka saa kumi na moja asubuhi. Injini ikipata moto mpira unatanuka na kujiziba wenyewe. Gari likifika gereji saa nne, fundi haoni kitu. Laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, kisha angalia doa liko upande gani.

Gereji yenye pampu ya kupima presha ifanye hivi: injini iwe baridi, rejeta ijazwe mpaka shingoni, ipandishwe presha mpaka namba ya mfuniko na isizidi hapo, kisha isubiriwe dakika 15. Mshale wa pampu hiyo ukishuka, zungukeni na tochi. Angalieni tundu dogo chini ya pampu ya maji. Mchirizi uliokauka wenye rangi ya kulanti (dawa ya kupoza injini inayochanganywa na maji) hapo unatosha kuihukumu pampu. Pitieni maungio ya tanki la plastiki la rejeta, mipira ya hita nyuma ya injini ambayo wengi huisahau, na vile vifuniko vya bati ubavuni mwa bloku, mwili wa injini, ambavyo kutu huvila kutoka ndani. Zulia la mbele likiwa limelowa na kunuka utamu, hita ndiyo inayovuja.

Mshale ukishuka na nje pakavu, maji yanaingia ndani. Washa injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma shingoni mwa rejeta, au mpira wa juu kuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha ukiwa umefunika, ni dalili ya kuungua kwa gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku. Ila tunawaonya wenzetu kuhusu ule ute mweupe chini ya mfuniko wa oili. Kwenye baridi yetu, gari la safari fupifupi linapata ute huo kwa unyevu tu. Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kwanza. Kama oili yenyewe haijageuka chai ya maziwa, usimfungulie mtu injini.

Sasa matengenezo. Mpira mbovu ukatwe kwa kisu kwa urefu. Kuuchokonoa kwa bisibisi kunakwaruza shingo ya aluminiamu inayovaa mpira huo, na mkwaruzo huo ndio utakaovuja kesho. Sugua shingo kwa msasa laini, vaa mpira mpya, na klipu ikae nyuma ya ule ukingo uliovimba, si juu yake. Kufunga kwa kipande cha tyubu ni kwa kukufikisha nyumbani. Rejeta ya shaba inachomelewa na kudumu. Tanki la plastiki lililopasuka halina gundi ya kuliamini, libadilishwe. Pampu inayozungushwa na taiming belti (mkanda wa ndani ya injini), kama kwenye injini ya 3S ya Toyota, ibadilishwe pamoja na belti, kwa kuwa kazi ya kuifikia ni ileile. Hedi ikishushwa, ilazwe rula ya chuma na kupimwa kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi: injini nyingi ndogo za petroli haziruhusu kupinda zaidi ya milimita 0.05. Kubadili gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kumuuzia mteja kazi ileile mara mbili. Manjano na ute wa yai ambavyo watu humimina kwenye rejeta kuziba mvujo tunaviacha jikoni. Vinaziba hita kabla ya kuziba tundu.

Na tafadhali, acheni kutoa themostati, valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto. Huku baridi, injini isiyofikia joto lake inakula mafuta na kusagika haraka. Tena themostati nyingi za Toyota zina valvu ya pili chini inayofunga njia ya mkato; ukiitoa, maji yanazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi. Kama unaishuku, ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Iliyoandikwa 82, yaani nyuzi inazoanza kufunguka, lazima iwe imeshafunguka vizuri maji yanapochemka. Iliyoganda, weka nyingine.

Njiani, geji ya joto ikipanda juu na kisha ikashuka ghafla ukiwa bado unapanda mlima, usishangilie. Mara nyingi maji yameisha na kihisio hakiguswi na maji tena. Zima, subiri angalau nusu saa kabla ya kugusa mfuniko, na usimimine maji ya mtoni kwenye injini iliyo bado ya moto, hedi hupasuka.

Kujaza nako kuna namna yake. Mfumo wa lita sita unataka lita tatu za kulanti nzito isiyochanganywa na tatu za maji safi. Ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani haiongezwi maji. Rangi si kipimo, kijani ya huyu na ya yule zinaweza kuwa aina mbili, kwa hiyo safisha mfumo kabla ya kubadili. Maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa yanafaa kuliko ya bomba yenye chumvichumvi. Ukinunua maji ya betri, soma chupa, isije ikawa asidi.

Elekeza pua ya gari kwenye mwinuko, na Mbeya mwinuko hautafutwi. Weka swichi ya hita upande wa moto, acha mfuniko wazi, injini iungurume taratibu mpaka mpira wa chini nao upate joto, huku ukiongeza maji yanapozama. Funika, acha ipoe, jaza tanki la akiba na chora mstari kwa kalamu. Angalia mstari huo asubuhi tatu mfululizo kabla ya kupakia viazi kwenda Dar.

Mafundi wa magari,
Mwanjelwa, Mbeya