Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu yetu: mpira haumfikii namba tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwanachama wa klabu hii, ada yangu nalipa kila mwaka, na kiti changu ni kilekile nyuma ya goli, safu ya nne kutoka chini. Nakuandikia sasa, kabla dirisha la usajili halijafunguliwa, kwa sababu habari zimeshatufikia kwamba uongozi unatafuta straika mpya, yaani namba tisa, na huyu tuliye naye ataachwa. Nakuomba usisaini chochote kabla hujaisoma barua hii.

Huyo anayetafutwa atakuwa straika wa nne katika misimu minne. Wa kwanza alikuja akiwa mfungaji bora wa timu aliyotoka, alipofika kwetu akakauka. Wa pili alikuwa mrefu, tukaambiwa vichwa vyote ni vyake. Wa tatu, huyu wa sasa, ana mbio, tukaambiwa mbio ndizo zilizokuwa zinakosekana. Watu watatu, kila mmoja na mguu wake na umri wake, na wote waliacha kufunga walipovaa jezi yetu. Ukibadilisha balbu mara tatu na chumba kikabaki giza, unakwenda kuangalia waya.

Nichukue mchezo wetu wa mwisho nyumbani, ule wa suluhu. Ilikuwa dakika ya 63, tunashambulia upande wangu, kwa hiyo niliona kila kitu. Beki wetu wa kati ana mpira. Anampa mwenzake. Mwenzake anaurudisha kwa kipa. Kipa anampa beki wa kulia. Muda huo wote namba tisa alikuwa kazini. Alimtoroka beki mmoja, akaingia katikati ya mabeki wawili, akanyoosha mkono kuonyesha anautaka wapi. Hakuna aliyemtazama. Akarudi hatua tano, akazunguka, akakimbia upande wa pili, mkono juu. Mpira ukapigwa pembeni. Mara ya tatu alianza kukimbia, akasita, akasimama, akafungua viganja vyote viwili kuwaelekea viungo wetu.

Winga wetu wa kulia alikuwa amesimama juu ya chaki, mstari wa pembeni, goli la wapinzani amelipa mgongo. Namba kumi, kiungo wetu mshambuliaji, alikuwa ameshuka hadi duara la kati kuomba mpira ambao mabeki wangeweza kuupandisha wenyewe. Mwishowe beki wa kulia akapiga krosi akiwa mbali, kama mita 35 kutoka golini. Mpira ukaelea, ukatua mikononi mwa kipa wao bila hata mtu mmoja kuurukia. Na jukwaa zima likamzomea namba tisa.

Iliniuma sana. Siku hiyo nilikwenda na daftari dogo, nikaamua kuhesabu jambo moja tu: straika wetu anaugusa mpira mara ngapi ndani ya kumi na nane, lile boksi la mbele ya goli la wapinzani. Kipyenga cha mwisho kilipopulizwa nilikuwa nimeandika alama mbili, na moja kati ya hizo alikuwa amelipa goli mgongo, beki kamganda. Dakika 90, mara mbili. Hakuna straika duniani atakayekufungia kwa chakula cha namna hiyo.

Klabu kubwa kuliko yetu zimeshaipita njia hii. Januari 2011 Chelsea walilipa paundi milioni 50 kumchukua Fernando Torres kutoka Liverpool. Mtu huyu alikuwa amefunga mabao 81 katika michezo 142 ya Liverpool. Alipofika Chelsea ilimchukua hadi mwishoni mwa Aprili kupata bao lake la kwanza, baada ya zaidi ya dakika 900 uwanjani. Wapo wanaosema goti lilikuwa limemchosha, nami sibishi, majeraha yalikuwepo. Lakini kule alikotoka alikuwa na Steven Gerrard nyuma yake, mtu aliyekuwa anautuma mpira mbele ya Torres kabla Torres hajamaliza kugeuka. Chelsea walimnunua mfungaji, ile pasi ikabaki Liverpool. Sisi hatuna paundi milioni 50 za kujifunzia somo hilo.

Najua utaambiwa na benchi la ufundi kwamba timu inamiliki mpira. Ni kweli, tunaumiliki. Ila naomba uulize tunaumiliki wapi. Hispania waliingia dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia la 2018 wakapiga pasi zaidi ya 1,000, bao lao pekee likiwa la kujifunga la beki wa Urusi, wakatolewa kwa penalti. Miaka minne baadaye, Qatar 2022, wakakutana na Morocco, wakapiga tena pasi zaidi ya 1,000 katika dakika 120, wasipate bao hata moja. Zikaja penalti, wakapiga tatu, zote zikapotea, Morocco wakasonga mbele. Hao walikuwa na viungo ambao sisi tunawaona kwenye televisheni tu. Pasi ambayo haimwondoi mpinzani hata mmoja kwenye nafasi yake inampa muda wa kupumua na kujipanga. Kwetu mabeki wa kati ndio wanaoongoza kwa kugusa mpira, na kila anayetufunga ameshalijua hilo: anatuachia mabeki wetu wacheze, anafunga katikati, anasubiri tuchoke.

Tukichoka ndipo tunaanza majalo, yaani krosi, na hapa, Mheshimiwa, naomba univumilie kidogo, kwa sababu ndipo roho yangu inapoungua.

Krosi si dhambi. Tatizo ni krosi inayopigwa kutoka mbali, mabeki wakiwa wameshajipanga, uso kwa mpira. Beki wa kati analala na kuamka akiiombea krosi ya aina hiyo. Anauona mpira tangu unapoondoka mguuni, anachagua wapi pa kuruka. Februari 2014 Manchester United, wakiwa mabingwa watetezi, waliwakaribisha Fulham waliokuwa mkiani mwa ligi. Siku ile United walipiga krosi zaidi ya 80 katika mchezo mmoja. Matokeo yalikuwa 2-2, Fulham wakisawazisha dakika za nyongeza. Beki wa Fulham, Dan Burn, alisema baada ya mchezo kwamba hakuwahi kupiga vichwa vingi namna ile tangu alipokuwa akicheza ligi za chini. Ndicho tunachowafanyia mabeki wa wapinzani wetu kila wiki. Tunawapa mazoezi.

Sasa linganisha na mpira unaopigwa na winga aliyefika hadi karibu na mstari wa goli, kisha akaurudisha nyuma chini kwa chini kuelekea eneo la penalti. Mabeki wakati huo wanakimbia kuelekea goli lao wenyewe. Macho yao yako kwenye mpira uliopo pembeni, hawawezi kumwona anayekuja nyuma ya mgongo wao. Kipa ameshaegemea nguzo ya karibu. Na mtu anayeupokea mpira akiwa nyuma yake hawezi kuwa ameotea, kwa hiyo hata ule mtego wa mstari wa mabeki haufanyi kazi tena. Mpigaji anakuja uso kwa goli, mita kumi au kumi na moja, lango lenye upana wa mita 7.32 liko wazi mbele yake. Wanaopima uwezekano wa kila shuti kuwa bao wanakubaliana kwamba shuti la kutoka pale lina thamani kubwa mara nyingi kuliko lile la nje ya kumi na nane, na kuliko kichwa kinachogombewa na watu watatu. Manchester City ya Pep Guardiola ilifunga mabao mengi mno kwa njia hii hadi watu wakayaona ya kawaida.

Ili kuipata pasi ile unahitaji mambo mawili, na yote mawili hatuna. La kwanza ni winga anayeupokea mpira akiwa ameligeukia goli, akimkabili beki mmoja, si wawili. La pili ni kiungo anayekimbia kuingia kwenye boksi bila mpira. Namba nane wetu, kiungo wa kati, ana mapafu ya farasi, nampenda kijana yule, lakini mbio zake zote anazitumia kurudi nyuma kusaidia kujenga mchezo ambao mabeki wanne na kipa wanatosha kuujenga. Mtu mmoja kwenye boksi dhidi ya wanne. Halafu tunamzomea huyo mmoja.

Kuna jambo jingine lililotokea siku ileile. Dakika ya 78, bado 0-0, tunahitaji bao, mwamuzi wa akiba akainua ubao. Anatoka winga, anaingia kiungo mkabaji. Niliwaangalia watu waliokaa karibu nami, hakuna aliyesema neno. Nikakumbuka usiku wa Novemba 13, 2017 pale San Siro, Italia ilipohitaji bao dhidi ya Sweden ili kwenda Kombe la Dunia. Walikuwa wamefungwa 1-0 mchezo wa kwanza. Benchi likamwambia Daniele De Rossi, kiungo mkabaji, aanze kupasha misuli. De Rossi akakasirika, akauliza kwa nini aingie yeye wakati wanahitaji kushinda, akamwonyesha Lorenzo Insigne aliyekuwa amekaa jirani. Insigne hakuingizwa. Mchezo uliisha 0-0, na Italia, mabingwa mara nne wa dunia, wakabaki nyumbani kwa mara ya kwanza tangu 1958. Mchezaji aliyekuwa benchi alikuwa ameuona ukweli ambao waliokuwa na mamlaka hawakutaka kuuona. Kwetu wachezaji wanaogopa kusema hivyo. Basi acha niseme mimi.

Mipira iliyokufa, yaani kona, mipira ya adhabu na penalti, sitaizungumzia kwa urefu, ila inanishangaza jinsi tunavyoidharau. Mchezo ule tulipata kona tisa. Zote zilipigwa namna moja, juu, katikati ya msitu wa watu. England walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018, wakamaliza mashindano wakiwa na mabao 12, na 9 kati ya hayo yalitokana na mipira iliyokufa, penalti zikiwemo. Walikuwa wanajipanga kwenye mstari mmoja ndani ya boksi, mmoja nyuma ya mwingine, kisha wanatawanyika mpira unapopigwa, beki hajui amfuate nani. Ugiriki walichukua ubingwa wa Ulaya 2004 wakishinda robo fainali, nusu fainali na fainali kwa 1-0, mara zote tatu kwa kichwa, na mawili kati ya mabao hayo yalitoka kwenye kona. Haya yanafundishika uwanjani pa mazoezi. Hayahitaji ada ya usajili. Yanahitaji mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, na saa moja kila siku.

Ninachoomba, Mheshimiwa Mwenyekiti, ni hiki. Fedha iliyotengwa kwa straika mpya itafute namba kumi anayepokea mpira kati ya viungo na mabeki wa wapinzani akageuka. Hata kama hana jina. Tafuta winga mmoja asiyeogopa kumpita mtu. Ajiri mwalimu wa ushambuliaji ambaye kazi yake ni hiyo tu, umwambie wazi kwamba atapimwa kwa idadi ya mara tunazoingia kwenye boksi na mpira mguuni. Na huyu namba tisa mwache abaki, umpe msimu mmoja ambao watu wanamtazama anapokimbia. Akishindwa hapo, nitakuwa wa kwanza kukubali kwamba nilikosea, na nitakuandikia tena kusema hivyo.

Kocha simwombei kufukuzwa. Makocha tumebadilisha vilevile, na kila mmoja alikuta mabeki sita na viungo wakabaji watano, akapanga kile alichokikuta. Kikosi hicho hakukiunda yeye. Kiliundwa mezani kwenu, dirisha hadi dirisha, na ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwako.

Nina ombi dogo la mwisho. Kwenye mchezo ujao wa nyumbani usiende moja kwa moja jukwaa kuu. Fika mapema, uje huku nyuma ya goli wakati timu zinapasha misuli. Utamwona kocha msaidizi amesimama karibu na mstari wa goli, anamrudishia namba tisa mipira chini kwa chini, mmoja baada ya mwingine. Nimemwangalia wiki nyingi. Anaipiga bila kuisimamisha, kulia, kushoto, chini kwenye kona ya lango, hadi kipa anabaki kuokota nyavuni. Kisha mchezo uanze, na kwa dakika 15 usiufuate mpira, mfuate yeye peke yake. Hesabu anakimbia mara ngapi na anapewa mara ngapi. Kiti kilicho pembeni yangu kiko wazi tangu jirani yangu alipoacha kuja, mwezi uliopita.

Wako katika jezi moja,
Mwanachama, safu ya nne nyuma ya goli