Barua ya wazi kwako mdogo wangu, unayetafuta sabuni ya kukaza ngozi

Mdogo wangu, ile voisi yako ya saa sita usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka, pale uliposema ukimpungia mtu mkono nyama ya chini inaendelea kupunga wakati we ushamaliza. Ya pili sikucheka, maana niliisikia sauti yako ilivyoshuka ulipofika kwenye tumbo. Kilo zimetoka, umehangaika miezi yote hiyo, alafu unasimama mbele ya kioo unajiona kama umeazima gauni la mtu mnene.

Sasa nikwambie tu ukweli, sabuni ya kukaza ngozi haipo. Sabuni inakaa mwilini dakika mbili tatu unaisuuza inaondoka na maji, itakaza saa ngapi? Kinachoishika ngozi ni nyuzi za kolajeni na elastini, ziko ndani, zilivutika miaka yote ile, na zikivutika sana zingine hazirudi kama zamani, inategemea na umri, jua, sigara kwa wanaovuta, na kilo zilishuka kwa kasi gani. Ndo maana nakupigia kelele upungue taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, ule protini ya kutosha na unyanyue vyuma, msuli ukijaa angalau unaziba ile nafasi iliyoachwa wazi. Na anayekuuzia kipande cha sabuni eti kinayeyusha mafuta ya tumbo huyo anakuibia mchana kweupe.

Ila kuna kitu ulikitaja harakaharaka mwishoni kama vile unaona aibu. Kuwashwa chini ya titi na kwenye mkunjo wa tumbo, na miguu kutoa unga. Hapo sabuni inahusika, tena sana, maana hiyo yako yenye harufu ya kufika mpaka jikoni ndo inakukausha. Ngozi ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) ni kama 4.5 mpaka 5.5, na sabuni halisi hata hii yangu ninayotengeneza nyumbani inacheza kwenye 9 au 10, kwa hiyo usidhani ya nyumbani ni maji matupu. Tofauti ni kwamba mi naacha mafuta kidogo makusudi yasigeuke sabuni, na ile gliserini, kitu cha kulainisha ngozi kinachojitengeneza sabuni inapoiva, inabaki humohumo.

Mzigo wangu wa kwanza niliuharibu. Nilipima kwa kikombe, kama nasonga ugali vile. Ikatoka nyeupe, inavunjika kama chaki, nikaigusa kidogo kwa ncha ya ulimi ikanipiga shoti kama betri, nikajua kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, imezidi, nikaitupa yote. Tangu hapo mizani ya dijitali, gramu kwa gramu, hata maji napima. Ninayotumia sasa ni mafuta ya zeituni gramu 300, ya nazi gramu 150, shea gramu 50, kostiki soda gramu 70 na maji gramu 150. Nazi usiongeze kisa povu, ikizidi inakausha. Ukibadilisha mafuta hesabu ya kostiki inabadilika pia, kila mafuta yana kiwango chake, usikisie. Na kostiki sio magadi, usije ukachanganya hivyo vitu.

Kostiki ndo inamiminwa kwenye maji, kidogokidogo, KAMWE usimwage maji juu ya kostiki, inalipuka juu inakurukia usoni. Vaa glavu na miwani ya kinga, dirisha wazi, watoto nje. Chombo kiwe cha stenlesi au plastiki ngumu, alumini hapana, inaliwa na inatoa gesi inayoshika moto. Maji yatapata moto sana yenyewe bila jiko na mvuke wake unakaba koo, geuza uso. Ikikurukia kwenye ngozi ni maji mengi yanayotiririka, sio siki, hiyo ya siki sijui nani alianzisha.

Maji ya kostiki yakipoa yakawa vuguvugu unayamimina kwenye mafuta yaliyoyeyuka, unakoroga mpaka iwe kama uji mzito, ukiinua mwiko tone linabaki juu halizami. Hapo mi naongeza kijiko cha oti iliyosagwa laini kama poda, inatuliza muwasho. Limao usiweke, asidi yake inakula kostiki na hesabu yako yote inaharibika. Manukato pia hapana, kwa hali ya ngozi yako sasa hivi. Kesho yake unakata vipande, alafu unaviacha wiki 4 mpaka 6 mahali penye hewa, na hapo ndo najua utanisumbua.

Siku ya kuanza jaribu kwanza ndani ya mkono, subiri siku moja au mbili. Usisugue na dodoki pale palipolegea, mkono tu na povu. Kwenye mikunjo suuza vizuri, kausha kwa kugonga na taulo laini, na usipake mafuta humo, unyevu ukikaa fangasi wanafurahi. Miguu na mikono ndo unapaka mafuta ngozi ikiwa bado na umajimaji. Na kama huo wekundu unatoa maji au harufu, mwone daktari wiki hii, usisubiri sabuni. Hata ule mlegeo wa tumbo, usipopungua baada ya uzito kutulia muda mrefu, mwulize huyohuyo daktari, wapo wanaofanyiwa upasuaji na hakuna aibu.

Vipande vyako viwili nishavitenga juu ya kabati, nimeviwekea karatasi yenye tarehe. Leo vina siku 9. Usinitumie meseji kuuliza kama vimekauka.