Barua kwa wifi yangu: ficha kalamu kwanza

Wifi yangu mpendwa,

Salamu kwanza, na shikamoo ya mwanangu nimeipokea. Picha za daftari ulizonitumia nimeziona: "nyumba" imeandikwa ukurasa mzima, na kuanzia katikati herufi zimelala chali kwa uchovu. Umeniuliza ufanyeje ili asilie kila ukitaja imla. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa akina mama wengi wenye watoto wa Darasa la Kwanza wana kilio hichohicho. Jina lako silitaji, usinune.

Ondoa kalamu kwa muda. Mtoto wa miaka sita mkono wake huchoka kabla ya kichwa. Akifika "nyumba" ya nane hasikilizi tena sauti, anapambana na vidole tu. Na Kiswahili hakina haja ya mateso hayo: irabu ni tano, kinachosikika kwa kawaida ndicho kinachoandikwa, na neno linakatika lenyewe kwenye silabi. Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 nao ulimwanzisha mtoto kwa sauti za herufi. Nadhani hapo ndipo wa kwetu alipojichanganya, maana kule chekechea alikaririshwa "ei, bii, sii". Kwa Kiingereza herufi "e" huitwa "ii", sasa akisikia "mimi" anaandika "meme". Ulidhani ni uzembe, kumbe anatumia akili sana, ila kwa lugha nyingine.

Zile herufi za plastiki za rangirangi usinunue. Mara nyingi kila herufi huwa moja, kwa hiyo hata "baba" haiandikiki, halafu unabaki na "q" na "x" ambazo kwetu hazina kazi. Kusanya vizibo vya chupa za maji. Vya soda vina meno, vitamkata. Juu ya kila kizibo andika silabi nzima kwa maka peni: ma, ta, ka, te, li, pa, so. Zile zinazojirudia sana, kama ma na ka, tengeneza tatu tatu. Mwagieni mkekani mjenge maneno.

Uhondo uko kwenye kugeuza. Mwekee "kata", mwambie abadilishane vizibo nafasi: inakuwa "taka". "Mali" inageuka "lima". Halafu mpe "mate" uone atakavyocheka akigeuza na kukuta "tema". Hapo jiandae, atatema kweli. Lakini mtoto aliyegundua hilo kwa mikono yake huna haja ya kumweleza silabi ni nini. Ataanza mwenyewe kugeuza kila kitu, hadi jina la baba yake, na mengi hayatakuwa na maana. Mwache.

Tatizo la "nyumba" ni lile la watoto wengi: sauti ya puani inadondoka, anaandika "nyuba", "dege", "ebe". Kumsahihisha kwa kalamu nyekundu hakusaidii sana maana haoni alichokosa. Mimi hutumia mchezo wa duka. Mtoto anaandika anachotaka kwenye kikaratasi, muuza duka analeta kile kilichoandikwa, si kile alichokusudia. Mtoto wa jirani yangu alileta kikaratasi kimeandikwa "dizi". Nikapekua mezani, nikainua sahani, nikachungulia hadi chini ya kiti, nikamwambia samahani mteja, dizi zimekwisha. Akanitazama, akatazama ndizi zilizokuwa mbele yangu. Akaanza kulivuta neno puani, "nnnn-dizi", akanipokonya kikaratasi na kuichomeka "n" pembeni, ndogo kama sisimizi. Ndizi alipewa mbili.

Duka hilohilo litakusaidia na "l" na "r". Huko Musoma mtaani anasikia "kura" mtu anaposema "kula", na lafudhi ya watu si ya kuchekwa. Wewe usimcheke, karatasi imcheke. Akiandika "karamu" akitaka kalamu, mtandikie kitambaa, panga sahani, karibisha wageni wa kufikirika. Atakuja mbio kurekebisha mwenyewe.

Kwa ng' na ng, anza na masikio. Weka mikebe miwili, mmoja wa ng'ombe, mwingine wa ngoma. Unataja neno, yeye anarusha kokoto kwenye mkebe unaofaa: nguo, ng'oa, ngazi, ng'ara. Akishazoea, jengeni maneno hayo kwa vizibo, na ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', iwe punje ya mchele. Anaipenda ile punje kwa sababu ndiyo ndogo kuliko vyote na bila yake ng'ombe si ng'ombe. Sisi wakubwa tunaila kwenye meseji kila siku, basi angalau yeye aipate mapema.

Dhahabu, thelathini, ghali, hayo yaache mwakani. Kuna watu wazima wanasoma taarifa na bado "dh" inawapita.

Kuandika kwenyewe kurudi taratibu, kwa kidole. Sinia yenye tabaka jembamba la unga inafaa sana, ukitikisa tu ukurasa unakuwa mpya, kosa halibaki. Ila mama akipita akakuta unga unachezewa utasikia hotuba hadi magharibi, kwa hiyo tumia mchanga uliochekechwa. Ukiwa mkavu sana herufi hufukiwa, unyunyizie maji kidogo. Baada ya hapo chaki sakafuni, herufi kubwakubwa, ndipo kalamu.

Dakika kumi na tano zinatosha, na mkatishe wakati bado anataka. Mwalimu akidai maneno yaandikwe kwenye daftari, ayajenge kwanza kwa vizibo, kisha aandike kila neno mara mbili tatu kwa utulivu. Mwalimu ukimweleza ataelewa, ana darasa limejaa, na shida hii haioni kwa mwanao tu.

Vizibo nimeshaanza kukukusanyia, nitawapa watu wa basi wiki ijayo. Na zamu ya kuuza duka Jumapili mpe kaka. Mwandiko wake naujua, atajifunza humohumo.

Wako,
Wifi