Tupeni na mchezo wenyewe, siyo huzuni tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni kuhusu hii badminton, ule mchezo wa kupiga kinyoya kwa raketi juu ya wavu, ya watu wenye ulemavu na jinsi magazeti yetu yanavyoiandika, maana kila kukiwa na mashindano naenda ukurasa wa michezo sikuti kitu, nikifunua huko kwenye makala za jamii ndo namkuta mchezaji, alivyopata ajali, alivyokata tamaa, ndugu walivyohangaika naye hospitali, afu mistari miwili ya mwisho unaambiwa kumbe kachukua dhahabu. Kashindaje? Hamna.

Chukua fainali ya Paralimpiki ya Paris 2024 daraja la SL3, lile la wanaocheza wamesimama ila ulemavu wa miguu umewabana zaidi. Nitesh Kumar wa India na Daniel Bethell wa Uingereza, 21-14, 18-21, 23-21. Seti ya tatu mpaka 23 jamani! Habari niliyoisoma mimi ilianza na ajali ya treni iliyomkata mguu Nitesh mwaka 2009 na haikutoka hapo, Bethell hata jina hakutajwa, utadhani Nitesh alikuwa anacheza na ukuta.

Na huu mchezo una utamu ambao usipoelekezwa unakupita. SL3 wakicheza mmoja kwa mmoja wanatumia nusu ya uwanja, umekatwa kwa urefu, kwahiyo ni kichochoro chembamba, kumkimbiza mwenzio kushoto kulia haiwezekani, inabidi umrudishe nyuma, umdondoshee mbele, umrudishe tena, mpaka achoke au akose subira. Wa viti mwendo nao ni nusu uwanja, ila kwao kinyoya kikidondoka karibu na wavu, kabla ya mstari wa kusevia, hiyo ni auti, kwahiyo vita yote iko nyuma. Mwangalie Daiki Kajiwara wa Japani, bingwa wa WH2, daraja mojawapo la viti mwendo, Tokyo na Paris: raketi iko mkononi na mkono huohuo unasukuma gurudumu, anarudi kinyumenyume, analalia mgongo wa kiti mpaka unasema huyu leo anaanguka, anapiga, na papo hapo keshageuza anakuja mbele. Na wakati wa kupiga haruhusiwi kunyanyuka kitini.

Najua nitajibiwa madaraja yao yanachanganya wasomaji. Yako sita tu! WH1 na WH2 wa viti mwendo, SL3 na SL4 ulemavu wa miguu, SU5 wa mikono, SH6 wenye kimo kifupi, basi. Mbona uzito wa ndondi tunaukariri wote na ni mwingi kuliko hapo.

Sisemi maisha ya mtu yasiandikwe, yaandikeni, hata ya wanasoka mnaandika, lakini mwanasoka akifunga mnatuambia kafunga kwa mguu gani na dakika ya ngapi. Huu mchezo uko Paralimpiki toka Tokyo, na Los Angeles 2028 utakuwepo, muda wa kumfundisha mwandishi wenu mmoja wa michezo upo. Na kama ukurasa umejaa, punguzeni tetesi za usajili, zile hata msimu ukiisha nusu yake hazijatimia.

Msomaji wenu wa kila siku