Risala ya Klabu ya Elektroniki kwa Mgeni Rasmi, Mikindani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana Mikindani. Tunajua ratiba yako imebana, na wali wa nazi umeshaanza kunukia, kwa hiyo historia tutaipitia mbiombio. Michezo ya video ya kutumbukiza sarafu ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971 kwa Computer Space, ikafuata Pong ya Atari mwaka 1972, Space Invaders ya Taito mwaka 1978 na Pac-Man ya Namco mwaka 1980. Klabu yetu ilianza baadaye kidogo, kwa mashine 5 chakavu za michezo hiyo zilizokuja na kontena la mitumba.

Mheshimiwa, mafanikio ni makubwa. Mashine 2 zinawaka, sawa na asilimia 40. Ya 3 inatoa sauti bila picha; kwenye taarifa ya muhula tumeandika ipo hatua za mwisho. Monita 2 za kichogo, ambazo picha ilikuwa ikijikunja, tumezibadilishia kapasita zilizokauka. Volti 5 zinazoendesha chipu tunazipima kwenye bodi ya saketi yenyewe, si kwenye pawasaplai, maana nyaya za zamani hula umeme njiani: ukishuka chini ya 4.75 mchezo hujizima na kuanza upya, ukizidi 5.25 chipu ziko hatarini. Mashine ya Marekani haichomekwi ukutani bila transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120. Na monita hafungui mwanafunzi hata ikiwa imezimwa, kwa kuwa chaji ya maelfu ya volti hubaki ndani.

Tumeanza pia kunakili programu za michezo zilizomo ndani ya chipu, kabla hazijapotea. Programu nzima ya Pac-Man ni kilobaiti 16, ndogo kuliko picha moja ya simu. Kila chipu tunaisoma mara 3. Majibu yakitofautiana, mara nyingi ni miguu yenye kutu, basi tunaisafisha na kurudia. Nakala tunailinganisha na kumbukumbu za MAME, mradi wa kuhifadhi michezo hii kwa kuiendesha kwenye kompyuta, ulioanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997.

Sasa, Mheshimiwa, tuje kwenye lililotufanya tuandike risala hii. Chumba.

Mashine hizi zinalala stoo, pamoja na majembe na mipira iliyopasuka. Upepo wa bahari unaingia utakavyo. Chumvi inakaa kwenye meno ya shaba ya bodi, na bodi za JAMMA, mfumo wa Kijapani wa mwaka 1985 wa kuunganisha bodi na kabati, zina meno 56, 28 kila upande. Jino moja likishika ukijani, rangi nyekundu inapotea kwenye picha au kitufe hakiitiki. Tunafuta kwa spiriti na kifutio cha penseli, ukijani unarudi. Makabati ni ya chipubodi. Mvua zikianza yanafura kwa chini na skrubu zinakosa pa kushika. Paa nalo lina vipande vya plastiki vinavyopitisha mwanga. Chipu za EPROM, zinazohifadhi programu na kufutika kwa mwanga wa urujuanimno, zina kidirisha cha kioo, na kibandiko chake kikibanduka kwa unyevu, jua la moja kwa moja linaweza kufuta programu kwa takriban wiki moja. Chipu iliyofutika kabla ya kunakiliwa haina fundi.

Ahadi ya chumba si ngeni masikioni mwetu. Mgeni rasmi wa kwanza aliahidi, tukapiga makofi. Fundi akaja na futi kamba, akapima, akaondoka na vipimo. Mgeni rasmi wa pili aliahidi kufuatilia ahadi ya wa kwanza, tukapiga makofi tena. Fulana 40 tulizipokea na tunazivaa leo kwa shukrani. Safari hii, kwa heshima zote, makofi tumeyaweka akiba.

Hatuombi jengo jipya. Darasa lililofungwa nyuma ya maabara linatosha, likipata dari, mpira wa kuziba mlango na madirisha, mashine ya kukausha hewa ya lita 12 kwa siku, kipima unyevu, stabilaiza, na chaga za kuinua mashine sentimita 10 kutoka sakafuni. Unyevu tunautaka kati ya asilimia 45 na 55. Ukishuka sana, umeme tuli nao huua chipu. Tafadhali, isije ikaonekana kiyoyozi kitatosha. Juni na Julai joto likipungua hakizunguki muda wa kutosha kukausha hewa, na umeme ukikatika, hewa ya nje ikiingia chumba cha baridi, bodi zinatoka jasho.

Profoma 3 zimo kwenye bahasha ya kaki uliyokabidhiwa mlangoni. Tunaomba kabla ya chakula upite stoo. Ni hatua chache, na ufunguo anao Katibu. Tunaomba pia jibu lenye tarehe, hata kama tarehe yenyewe ni ya mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.