Mama Zahara, kabla hujanunua dawa mfungue kondoo jicho

Shoga yangu Mama Zahara,

Salaam nyingi kutoka Monduli. Watoto hawajambo huko Singida? Na baba Zahara mgongo vipi, bado analala chini au kashapona? Sisi huku wazima, Naserian yuko form two saivi ananizidi urefu na mdomo pia.

Meseji yako ya sauti nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza niliishia kucheka tu, maana wewe ndo ulikuwa unakuja kwangu unaziba pua kondoo wananuka, leo unao kumi na nane uani. Hongera mwaya. Umeniuliza dawa gani ya minyoo ni nzuri ukawanyweshe wote Jumamosi, nikaona nisikujibu kwa simu, maana ningetaja jina tu ungeenda dukani moja kwa moja na hapo ningekuwa nimekuharibia kama nilivyojiharibia mwenyewe. Tulia nikusimulie.

Mwaka juzi nilikuwa na thelathini na saba. Sita ni wale wekundu wa Kimasai wa mama mkwe, wengine wote chotara wa Dorper, ile aina ya kondoo wa nyama, watoto wa lile dume nililolinunua mnada wa Namanga kwa hela ambayo mpaka leo mume wangu hajui yote. Wazuri hao, wamejaa, mgongo kama meza. Nikawa nawapenda kweli, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nawanywesha albendazole ile nyeupe, wote, kuanzia dume mpaka kitoto, mwaka mzima na nusu sikukosa hata mwezi. Najiona mfugaji wa kisasa. Mama mkwe ananiangalia tu kwenye kigoda chake, anasema wake niwaache, mi namjibu mama hii ni sayansi.

Masika ikaingia, mvua za Aprili hizo za kushinda na kulala, majani mpaka magotini. Kondoo wa kwanza akafa mnono kabisa, nikasema nyoka. Wa pili nikasema kala mmea mbaya. Alafu nikaona wa tatu anavimba chini ya taya, jioni akitoka malishoni ni fuko kabisa linaning'inia, asubuhi limepungua, jioni limerudi. Nikadhani nyuki. Mama mkwe akanyanyuka kwenye kigoda, akaja akabonyeza na kidole, akaniambia hii sio nyama, haya ni maji. Nami nikabonyeza, shimo likabaki. Shoga we nesi, unajua mguu wa mama mjamzito ukibonyeza kidole kikabaki, bas ndo vile vile, damu imeisha maji yanatafuta pa kukaa, na kondoo kwa vile anakula ameinamisha kichwa kutwa yanashukia taya.

Kwa wiki sita walikufa saba. Na nilichokosea zaidi ni kwamba nilikuwa nasubiri waharishe! Mi akilini mwangu minyoo ni kuhara. Kumbe huyu mnyoo mbaya kuliko wote, haemonchus anaitwa, hana habari ya kuharisha, kazi yake damu. Mkia msafi kabisa huku mnyama anaisha ndani.

Wa saba daktari wa mifugo alimpasua mbele yangu palepale chini ya mgunga. Nyama imepauka kama imechemshwa, damu yenyewe nyepesi kama juisi ya rozela iliyozidishiwa maji. Akafungua tumbo la nne, lile la mwisho kabla ya utumbo, akaniambia mama angalia taratibu. Nikainama. Mwanzoni sikuona kitu, majimaji tu ya majani, alafu macho yakazoea nikaona yanatembea, vijiuzi vyembamba kama sentimita mbili tatu, vimejisokota rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kama rasta umesuka za rangi mbili. Nyekundu ndo damu ya kondoo wangu. Mia kwa mia, wamejaa ukutani wananing'inia. Akanipigia hesabu, minyoo elfu moja inatoa kama mililita 50 za damu kwa siku, na kondoo wa kilo 30 mwili mzima ana damu kama lita mbili tu. Na jike moja linataga mayai 5,000 mpaka 10,000 kwa siku moja. Niambie hapo nani anashinda.

Nikamwambia daktari lakini hawa nimewanywesha wiki mbili zilizopita! Akacheka kile kicheko cha kunionea huruma. Akasema bas ndo maana.

Hapa ndo utanielewa haraka kuliko mtu yeyote. Unakumbuka klorokwini? Tuliimeza utotoni mwili unawasha mpaka unatamani kujichubua, kila homa klorokwini, mpaka malaria wakaizoea, serikali ikaiondoa mwaka 2001 tukaenda SP, dawa nyingine ya malaria, nayo haikukaa sana ikaja dawa mseto. Mi nimefanya kitu hicho hicho kwenye zizi langu kwa miezi kumi na nane. Kila mwezi naua minyoo dhaifu, naiachia ile sugu izaane peke yake bila mshindani. Dozi zenyewe nakadiria kwa macho. Huyu kama kilo 25 hivi, haya mililita 5. Siku tuliyowapima kwa mzani ule wa kuning'inia wa magunia, huyo wa 25 alikuwa na 38. Yani nilikuwa nampa minyoo chanjo.

Tukapima kinyesi, hili nakuomba ulifanye na wewe. Unavaa glovu unatoa chenyewe kwa nyuma, usiokote chini, kondoo kumi hivi, kila mmoja kifuko chake na namba, kwenye kibegi chenye barafu, siku hiyo hiyo maabara. TVLA, maabara ya mifugo ya serikali, wana kituo hapa Arusha, wewe Dodoma ndo karibu. Wanahesabu mayai, unanywesha dawa, baada ya siku 14 unapeleka tena wale wale. Dawa ikiwa nzima mayai yanatakiwa yapungue kwa asilimia 95 au zaidi. Zangu hazikufika hata nusu, nimelipia dawa mwaka na nusu nawanywesha maziwa tu.

Na wekundu wa mama mkwe? Sita wote wazima, hakuna hata mmoja aliyevimba, na wamekula majani yale yale. Niliona aibu shoga. Daktari akanambia wala sio uchawi, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walishawalinganisha na Dorper kule Diani pwani ya Kenya miaka ya 1990, wekundu wanabeba minyoo michache na hata wakiwa nayo wanaihimili. Mama mkwe hakusema chochote, ila toka siku hiyo ananiita "sayansi". Sayansi njoo ule.

Haya sasa we ufanye nini. Jumamosi usinyweshe, Jumamosi fungua macho. Watoe nje juani, ndani ya banda utadanganyika na rangi. Mtu amshike, we unaweka kidole gumba juu ya kope ya juu unalibonyeza jicho kidogo kurudi ndani, mkono mwingine unashusha kope ya chini, ile nyama ya ndani inachomoza yenyewe. Tazama haraka uachie, ukikawia itajikusanyia wekundu. Ni kile kile unachowafanyia wamama kliniki kila siku, ndo maana nasema we utanishinda. Wasauzi wametengeneza kadi ya rangi inaitwa FAMACHA, moja ni nyekundu nzuri, tano ni nyeupe kama karatasi. Nne na tano mnyweshe siku hiyo hiyo usilale. Tatu, akiwa ni mtoto au mwenye mimba au anayenyonyesha mnyweshe, mkubwa mwenye afya msubiri. Moja na mbili waache, hata kama roho inakuuma kwamba dawa ipo kwenye chupa. Wale uliowaacha minyoo yao bado inakufa kwa dawa, ikizaana na ile sugu inaizimua. Mvua ikiwepo rudia kila wiki mbili, kiangazi hata mwezi. Utashangaa, kwangu ni wale wale, wanane tisa ndo wanaojirudia kila safari, na hao nimeanza kuwauza mmoja mmoja, wazuri wa sura lakini watoto wao wanarithi.

Ila jicho linakwambia damu tu. Anayeharisha au anayekonda na jicho jekundu ana kitu kingine. Ukiona kama punje za wali kwenye kinyesi cha vitoto hiyo ni tegu, inatisha kuliko inavyoumiza. Na kama wanakunywa kwenye dimbwi lenye konokono fikiria minyoo ya ini, nayo inapausha jicho, na dawa yake ni nyingine.

Kuhusu chupa, soma asilimia. Kuna albendazole ya 2.5 na kuna ya 10, zimekaa rafu moja, rangi moja, na moja ni kali mara nne ya nyingine. Ile ya 2.5 yangu imeandikwa mililita 1 kwa kilo 5. Mwenye mimba changa, mwezi wa kwanza, usimpe albendazole kabisa, inaharibu kitoto. Levamisole, dawa nyingine ya minyoo, nayo usizidishe, atatetemeka na kutoa mapovu mbele yako. Kunywesha kwenyewe, usimnyanyue kichwa kama unamwagia chai, kichwa kikae usawa, bomba linaingia pembeni ya mdomo mpaka juu ya ulimi nyuma, bonyeza polepole ameze. Kitoto kimoja nilikiua hivi hivi, dawa ikaingia mapafuni, nilikuwa na haraka ya kwenda kikaoni. Na kwa vile unawalenga wa Idd el-Hajj, angalia kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuchinja, usije ukawalisha watu dawa siku ya sikukuu.

Alafu hao kumi na nane umewatoa mnadani, si ndio? Yani mazizi matano tofauti, kila mmoja kaja na minyoo yake. Usiwaachie kwenye kale kashamba kako ka kijani karibu na bomba, ndo pepo ya minyoo pale. Wakae bandani wiki mbili tatu unawakatia majani, wapime kinyesi, huku ukiwaangalia kama kuna kikohozi au mafua. Nyie mna mvua moja ndefu, ikianza Novemba au Desemba mpaka Aprili, hapo ndo vita. Kitoto cha mnyoo kinapanda jani na umande, wengi hawavuki sentimita 5 kutoka chini, so watoe umande ukishakauka na usiwaache wakwangue mpaka udongo. Siku nne tano sehemu moja, hamisha.

Na majike wakikaribia kuzaa kinga inashuka, mayai yanamwagika kama mvua, hao waangalie macho kila wiki.

Chanjo nimekuachia mwisho maana kwako ni rahisi, mambo ya kutunza chanjo kwenye baridi unayajua kunizidi. Sotoka ya mbuzi na kondoo lazima, iliingia Tanzania ikathibitishwa 2008 huko Ngorongoro kwa majirani zetu, haina utani, uliza afisa mifugo wa kata wanachanja lini. Kimeta uliza pia. Ila kuna mtu alikuja kwangu na kibegi akanichaji kuchanja kondoo wote homa ya mapafu ya mbuzi, nikalipa vizuri tu, kumbe ule ugonjwa ni wa mbuzi, kondoo haumhusu. Akija na kwako mfungulie mbwa.

Mbwa nao! Huku tunasema ormilo, kondoo anazunguka anazunguka upande mmoja mpaka anaanguka, ana lengelenge kwenye ubongo. Linatoka kwenye tegu ya mbwa, mbwa anaipata kwa kula kichwa kibichi cha kondoo mgonjwa, anakunya malishoni, wengine wanakula. Kwa hiyo mbwa wa hapo kwenu mpe praziquantel, dawa ya tegu, na ukichinja kichwa kipikwe au kizikwe. Kupe angalia masikioni, kwenye kiwele na katikati ya kwato, pale katikati ndo wanapofanya mnyama achechemee ukadhani kajikwaa, ogesha mara kwa mara mvua zikiwepo.

Nimechoka mkono. Jumamosi jioni nipigie uniambie wangapi nne, wangapi tano, na huyo dume uliyesema ana kilo 40, mtundike kwanza kwenye mzani wa mahindi wa jirani alafu ndo uniambie.

Mama mkwe anakusalimu, anasema kama una nafasi ya jike moja jekundu atakuuzia, ila bei ni ya kwake.

Wako,
Mama Naserian