Mganga Mkuu wetu, mashine ya kupima pumzi iko wapi?

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa wilaya, shikamoo. Naandika hapa wazi maana barua za kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji naona zinalala huko huko.

Juzi baba yangu kaenda kuchukua dawa, kaambiwa dirishani tena mbele za watu, "mzee hizi inhela za steroidi zinaleta kansa ya mapafu, achana nazo." Mzee akaacha kweli. Haikupita wiki tukamkimbiza usiku kwa bodaboda, mishikaki, mzee katikati hata kuongea hawezi.

Hivi kansa hiyo wameitoa wapi? Hakuna utafiti mkubwa uliothibitisha kwamba steroidi za kuvuta zinaleta kansa ya mapafu. Kuna tafiti zilidai mpaka zinakinga, nalo hilo majaribio hayakulithibitisha. Hawa wazee wenye mapafu yaliyochoka, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao madaktari wanauita COPD, kansa inawaandama zaidi hasa kwa sababu ya sigara zao. Kinachojulikana ni nimonia, utafiti wa TORCH wa 2007 ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 6000 na waliopewa fluticasone, moja ya hizo steroidi za kuvuta, waliugua nimonia zaidi, halafu kuna fangasi za mdomoni ndo maana ukishavuta unasukutua. Hayo sasa dirishani hayasemwi!

Na kwa COPD steroidi zenyewe si za kila mtu. Anayebanwa mara kwa mara na eosinofili zake (aina ya chembe nyeupe za damu) ziko 300 kwenda juu kwa kila mikrolita zinamsaidia, aliye chini ya 100 faida yake ni ndogo sana. Ni kipimo cha damu tu. Mzee hajawahi kufanyiwa, kila akienda anaandikiwa "pumu", wakati kapuliza salfa kwenye mikorosho tangu mimi sijazaliwa, barakoa hana, na sigara juu. Mimi naona mchawi ni salfa, na kwa mama zetu ni moshi wa kuni, ila nani atajua bila kupima?

Ulituahidi mwenyewe mkutanoni, mashine ya kupima pumzi itafika kabla ya msimu wa korosho, na makofi tukapiga. Hukutaja msimu wa mwaka gani, basi tusikusingizie. Minada imeisha, hela zimeliwa, mashine hatujaiona.

Huyo wa dirishani naye aambiwe, mgonjwa mwenye wasiwasi arudishwe kwa daktari, asiachishwe dawa kwenye foleni. Lakini kubwa mashine Mheshimiwa. Tuletee mashine.

Ni mimi, mtoto wa mkulima wa korosho,
Uwanda wa Makonde, Mtwara